Kifaranga cha Fimbo ya Msemaji

Fundo lilikuwa kwenye pembe ya shuka, limekazwa kwa meno. Dufie alilihisi chini ya kiganja akiwa ameinamia beseni, povu limemfika viwikoni, akadhani ni ugoro wa kaka yake. Amoateng alikuwa na tabia ya kufunga ugoro nguoni kisha akausahau, na si mara moja maji ya kufulia yaligeuka rangi ya kutu kwa ajili hiyo. Basi akalifungua kwa kucha, taratibu, huku akinung'unika peke yake kwamba mjane anayemfulia mgane hapati kupumzika hata Mungu amwongezee mikono.

Hakikuwa ugoro. Kilikuwa kifaranga.

Kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole gumba, cha mti uliovikwa dhahabu, mdomo umefunuka kama kinachoomba kulishwa. Miguu haikuwapo. Pale ilipopaswa kuwapo palikuwa na mti mweupe uliovunjika, nyuzinyuzi zake mpya kabisa.

Dufie aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akaketi palepale kwenye tope la maji ya sabuni.

Hapakuwa na mtu Kotokumso asiyekijua kifaranga kile. Juu ya fimbo ya msemaji wa Nana, mtawala wa mji, alisimama kuku wa kuchongwa na wanawe wamemzunguka, mmoja chini ya mguu wake. Kuku humkanyaga mwanawe lakini hamuui: ndivyo fimbo ile ilivyosema tangu enzi za bibi wa bibi zao, na hakuna shauri lililoingia uani kwa Nana bila kupita mbele ya kuku yule. Fimbo ilikuwa ya tumbo la kina Dufie, ukoo wa upande wa mama. Mjomba alimwachia mpwa, mpwa akazeeka akawa mjomba, na sasa ilikuwa mkononi mwa Amoateng. Na tangu Jumapili mji mzima ulikuwa na neno moja tu kinywani, kwamba kifaranga cha fimbo kimeibiwa.

Aliyetangaza wizi huo alikuwa Amoateng mwenyewe. Aliileta fimbo uani imefunikwa kitambaa, akaifunua mbele ya wazee, akawaonyesha pengo. Nana Ntiamoa, ambaye alikuwa bado mgeni kwenye kiti cha enzi na aliwashuku hata waliomlea, hakutaka polisi wa serikali waje kupekuapekua nyumba za watu. Alisema mwizi wa dhahabu ya kiti hatafutwi kwa kurunzi. Ijumaa uulizwe mto.

Mto ulikuwa Asubima, ule uliopita nyuma ya mashamba ya kakao, mwembamba kiasi kwamba wakati wa kiangazi mtoto angeuruka. Lakini yai likivunjwa juu yake na apizo likasemwa, Asubima haukuuliza jina la mtu. Ulifuata damu ya mama. Mwenye kosa angeweza kuwa wa mwisho kuondoka, akishazika watoto wa dada yake mmoja baada ya mwingine, akishamzika na dada.

Amoateng alikuwa na dada mmoja tu, Dufie. Na Dufie alikuwa na mtoto mmoja tu, Tiwaa, aliyekuwa ndani ya nyumba wakati huo amelala ubavu, na mimba iliyokaribia kutimia, baada ya mbili zilizotoka.

Dufie akakifunga kifaranga kwenye pindo la nguo yake. Akaisuuza shuka ya kaka yake, akaikamua, akaianika vizuri, maana majirani wanaona.

*

Amoateng alikuja adhuhuri kula, kama kawaida yake tangu afiwe na mkewe. Tiwaa alimwamkia mjomba wake kutoka mkekani, naye akamtania kwamba tumbo lile lina mapacha, tena wanagombana nani ashike fimbo baada yake. Tiwaa akacheka. Dufie hakucheka. Alimwekea kaka yake bakuli la fufu na mchuzi wa mawese kule nyuma ya jiko, akaketi mbele yake, akautazama mkono wake wa kuume.

Alikuwa ameutazama kwa miezi. Mtu anayekulisha kila siku huona mambo ambayo wazee wa baraza hawayaoni. Tonge lilimponyoka likarudi bakulini na kumrushia mchuzi kifuani, naye akajifanya amelidondosha kwa kufikiri. Akalichukua tena. Vidole viwili vya mwisho havikukunja.

Dufie akafungua pindo lake, akakiweka kifaranga kando ya bakuli.

Amoateng hakushtuka. Alikifunika kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayefunika mdudu.

"Umelifungua fundo langu," alisema.

"Nilikuwa nafua, kaka."

"Ungeliacha."

Kisha akamweleza, macho yake kwenye mchuzi. Jumamosi alikuwa akitoka uani kwa Nana peke yake, na pale penye mawe ya mlangoni kwake mkono ulikufa ganzi, hivi hivi tu, kama mkono uliolaliwa. Fimbo ikaanguka. Hakuna aliyeona. Lakini fimbo ya msemaji ikigusa ardhi ni Nana ndiye aliyeanguka, na hilo lina kondoo wake wa kutambikia na faini yake. Kondoo angetoa, hakujali. Alichoogopa ni swali litakalofuata, la kwa nini ilianguka. Kiti hakitumikiwi na mwenye kilema. Wangemwambia anyooshe mkono mbele ya baraza, akunje vidole, na basi, mwisho wake. Kesho yake asubuhi alipoifunua fimbo mbele ya wazee alikusudia kusema kweli. Neno mwizi lilitoka lenyewe, maana kinywa chake kimezoea kupata maneno kabla ya moyo.

"Kwa hiyo hakuna mwizi," Amoateng alisema. "Na kama hakuna mwizi, mto utamfuata nani? Nitasema maneno, yai litavunjika, samaki watakula. Basi."

"Maneno yenyewe yanasemaje?"

Amoateng akachovya tonge jingine.

"Kaka. Ijumaa utayasema kwa sauti mbele ya mji. Niambie mimi leo."

Akayasema kwa mnong'ono, bila kumtazama. "Aliyekitwaa. Na ajuaye kilipo akanyamaza. Na tumbo lililowazaa."

Nyuma ya ukuta Tiwaa alikohoa, akageuka upande, mkeka ukalia.

Mpaka asubuhi ile Dufie alikuwa nje ya maneno hayo. Sasa alikuwa ndani yake, yeye na kaka yake bega kwa bega, na mtoto wake nyuma yao.

"Ndiyo maana nimesema ungeliacha," Amoateng alisema.

Dufie alimsihi amwendee Nana kabla ya Ijumaa. Alimwambia fimbo si roho. Kaka yake akasema ataona, ataangalia, mambo ya baraza yana wakati wake. Aliongea kwa maneno mazuri yaliyopangwa, yale yale aliyowaongelea wageni wa gavana, na Dufie akajua kwamba hatakwenda. Aliondoka bila kunawa. Kifaranga alikiacha hapo hapo, kando ya bakuli, kama kitu ambacho hakuwahi kukiona.

*

Siku ile na iliyofuata Dufie hakupata wa kumwambia. Katekista alikuwa ametangaza kwenye sala ya katikati ya wiki kwamba Mkristo atakayeonekana mtoni Ijumaa asisogelee meza ya Bwana. Angemwambia nini? Kumwambia ni kumfichua kaka yake. Alipiga magoti kando ya kitanda mpaka yakauma. Alipokuwa kanisani aliamini kwamba Mungu ana nguvu kuliko maji yoyote yapitayo nyuma ya mikakao. Alipokuwa jikoni, na Tiwaa ameshika kiuno akihema, aliamini hivyo na aliamini na lile jingine pia, yote mawili kwa pamoja, na hilo ndilo lililomtisha kuliko mto.

Pinaman, muuza uji wa mahindi wa jirani, alikuja kukopa chumvi akakaa. Huyo mama hakujua kuzungumza akiwa amesimama. Alisema amemwamuru mumewe arudishe panga la shemeji yake kabla ya Ijumaa, maana mto ukianza kufagia hauchagui takataka. Akasimulia mwaka ule walipoapiza kwa ajili ya kondoo mmoja aliyekonda, jinsi mama wa watu alivyovimba miguu, kisha bintiye, kisha mtoto wa bintiye, na ikaja kujulikana kondoo aliliwa na mjomba mlevi tu, tena alimla bila pilipili.

"Na ninyi mko salama," alisema akimgeukia Tiwaa, "nyumba ya msemaji. Mwenye kushika mpini hakatwi."

Tiwaa akatabasamu, akajipapasa tumbo. Kisha akauma mdomo.

"Nini?" Dufie aliuliza.

"Hakuna, mama. Limekaza kidogo tu."

Pinaman akaondoka na chumvi yake. Dufie alitazama tumbo la mwanawe likiinuka na kushuka, akajikuta anahesabu pumzi, akajikataza.

*

Ijumaa alivaa nguo yake nyeupe ya kanisani, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kuvaa mbele ya Mungu na watu, akakifunga kifaranga kwenye kitambaa cha kichwani, upande wa sikio. Alimwambia Tiwaa anakwenda shamba. Shamba lilikuwa hapo hapo njiani, kwa hiyo si uongo mzima.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Nana Ntiamoa alikuwa ameketi chini ya mwavuli mkubwa mwekundu, miguu juu ya makubazi yake, na juu ya mwavuli tembo wa dhahabu alilishika jua. Wabeba panga walimzunguka, wamechuchumaa, mapanga ya kiti mikononi, vipini vimeelekezwa kwake. Dufie alikuwa ameyaona mapanga hayo tangu utotoni kwenye sikukuu na aliyapenda. Leo alitafuta mahali pa kuweka macho akakosa. Kwenye panga moja mamba wa dhahabu alikuwa ameuma kambare. Kwenye jingine joka nene lilikuwa limemshika hondohondo kwa shingo. Joka halina mbawa, hutambaa tu, lakini ndege arukaye yuko wapi? Yumo kinywani mwake. Kila mtu alijua panga hilo linasema nini, na ndiyo sababu Nana aliamuru litolewe.

Amoateng akaingia mtoni mpaka magotini. Shuka ilikuwa ile aliyoifua dada yake. Fimbo aliishika kwa mkono wa kushoto, na pale miguuni pa kuku palionekana doa la mti mweupe, kama jino lililong'oka. Kuhani wa mto, mzee mwenye chokaa usoni, akamimina pombe kali majini, kisha akampa yai katika mkono wa kuume.

Nana alisema kwa sauti ya chini, kama inavyompasa, na Amoateng akayapokea maneno na kuyapeleka kwa mji na kwa mto. Sauti yake ilikuwa kubwa na nzuri. Hata hofu haikuiharibu.

"Asubima, mama wa baridi, amka unywe. Mwana wa kuku ameondolewa miguuni pa mama yake. Aliyekitwaa..."

Yai likamponyoka.

Halikurushwa. Kila mtu aliona halikurushwa. Lilianguka tu kutoka kwenye vidole vilivyobaki wazi, likapiga jiwe, na kiini cha njano kikazunguka kidogo juu ya maji kisha kikachukuliwa.

Kuhani aliutazama mkono wa msemaji, na Nana akautazama, na macho ya mji mzima yakafuata. Amoateng akauficha chini ya shuka. Kuhani akachukua yai la pili kwenye kibuyu, akamnyooshea.

Dufie hakukumbuka baadaye jinsi alivyoshuka ukingoni. Alikumbuka ubaridi wa maji, na nguo ya kanisani ikimnatia mapajani, na mtu nyuma akiuliza huyu si yule mama wa kanisa. Alilichukua yai la pili mkononi mwa kuhani kabla halijamfikia kaka yake. Akalishika kwa mikono miwili juu ya tumbo lake.

Sasa alitakiwa aseme. Lakini hakuna anayesema na Nana usoni. Neno la mtu, awe mkubwa au mdogo, hupewa msemaji, na msemaji ndiye humfikishia Nana. Hapakuwa na njia nyingine, na hapakuwa na msemaji mwingine. Alimgeukia kaka yake. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana. Aliona mshipa ukiruka shingoni mwake.

"Msemaji," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. "Naomba Nana asikie kutoka kwako. Hakuna mwizi. Fimbo ilianguka. Mkono ulioishika unaumwa, na mwenye mkono aliogopa kusema. Kifaranga ni hiki." Akakitoa kitambaani, akakiweka juu ya kiganja chake, kando ya yai.

Amoateng alimtazama. Dufie alimfahamu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni mwake, na hakuwahi kuona uso ule. Alijua anachofikiri. Mji wote ulisikia, lakini sheria haisikii mpaka msemaji aseme. Angeweza kugeuka akasema dada yangu ana homa. Angeweza kusema ni dada huyu aliyekiiba. Wangemwamini yeye, kazi yake yote ni kuaminiwa. Maji yalipita kati yao. Mahali fulani juu, kwenye mikakao, ndege alilia mara moja akaacha.

"Kaka," Dufie alinong'ona. "Tumbo ni moja."

Amoateng akaugeuza mwili kumwelekea Nana. Akaiteremsha shuka begani mpaka kiunoni, kama afanyavyo aliyeshindwa, na mkono wake wa kuume ukaonekana ukining'inia.

"Nana, sikia," alisema kwa sauti ile ile kubwa. "Mama huyu anasema hakuna mwizi. Anasema fimbo yako ilianguka juu ya mawe ya mlangoni pangu, na mkono uliofariki ukiwa na uhai ndio ulioiangusha, na kwamba mwenye mkono alimtafuta mwizi kwa sababu alimwogopa kuku aliyemlisha maisha yake yote. Anasema kifaranga hiki hapa. Hayo ndiyo aliyonituma. Na mimi niliyetumwa naongeza langu: amesema kweli yote, na hakulipamba neno."

Watu waliguna kama mvua ya mbali.

Mbeba panga mwenye joka alikuwa ameinua kichwa. Kisha Nana akainama, akanong'ona, na kama ilivyo desturi maneno yakampitia msemaji kabla ya kuufikia mji, na Amoateng akasimama majini akitangaza hukumu yake mwenyewe bila kuacha hata nukta. Kondoo wawili wa kuosha maneno, leo hii, kabla jua halijazama. Fimbo itoke katika nyumba ile na isirudi. Aliyeiangusha asiseme tena mbele ya kiti, wala kwa kheri wala kwa shari. Ila asifukuzwe mjini, na asipigwe, na asichekwe, kwa kuwa kuku humkanyaga mwanawe.

Hilo la mwisho alilisema huku akiutazama mkono wake. Akalimaliza.

*

Kondoo walichinjwa, na kuhani akasema Asubima umekunywa na umeridhika. Mfua dhahabu akaja akakirudisha kifaranga miguuni pa mama yake, na asiyejua hakuona kiungo. Dufie aliondolewa kwenye meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma bila kubishana, na Mungu wake alimkuta huko huko nyuma.

Lakini yai la kwanza lilikwisha vunjika. Na neno lilikwisha toka, lile la aliyekitwaa, limekatika katikati, halikumaliziwa wala halikurudishwa. Kila mtu alimwambia Dufie kwamba kondoo wameliosha. Aliitikia. Alipokwenda kuchota maji alipita njia ndefu, ya upande wa kisima.

Amoateng alikuwa akija kula kama zamani. Alikula kwa kijiko sasa, kwa mkono wa kushoto, na hakuzungumza. Watoto walimpita wakamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kana kwamba amri ya Nana aliipeleka mpaka kwenye sufuria.

Uchungu ulimshika Tiwaa alfajiri, ukamshika vibaya. Mkunga alifunga mlango. Mjomba alikaa nje kwenye gogo, mkono wake mbovu mapajani, na kila sauti ya Tiwaa ilipopanda aliinamisha kichwa kama anayepigwa. Dufie aliomba kwa Kiasante na kwa maneno ya kitabu na mwishowe bila maneno. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la Pinaman mtoto alipolia.

Alikuwa msichana. Mkunga akamwosha, akamfunga, akampa bibi yake, akasema mzima huyu, amekamilika.

Dufie akamfungua.

Alihesabu vidole vya miguu. Akautafuta mkono wa kuume ndani ya vitambaa, mdogo, umekunjamana, unyevu bado. Mlangoni kivuli cha Amoateng kilikuwa kimesimama. Hakuingia wala hakuuliza. Dufie akaweka kidole chake cha shahada katikati ya kile kiganja, akasubiri.

Vidole havikufanya kitu.

Alisubiri. Hakumtazama kaka yake. Kisha kimoja kikajikunja, na cha pili, na baada ya muda ambao kwake ulikuwa mrefu kuliko ule wa mtoni, viwili vya mwisho navyo vikaja, vikamshika.